Kiti cha Wilf Goodrum

Wilf Goodrum alikuwa pande la mtu, na mapenzi yake yote aliyamalizia kwenye magari mepesi. Mchana alichomelea matrela ya shamba hapa kwetu Norfolk, Uingereza. Jioni humkosi bandani kwa Desmond Larter, mume wa dada yake.

Desmond alinunua gari la michezo likiwa vipandevipande ndani ya maboksi. Wengi walifanya hivyo miaka ile ya sitini, kwa sababu gari zima lilitozwa kodi nzito na la vipande halikutozwa. Ila sharti uliunge mwenyewe. Ukimlipa fundi, kodi inakurudia.

"Shemeji, pesa siwezi kukupa, serikali itanirukia," Desmond alimwambia. "Lakini Jumatatu ya Pentekoste, kwenye mashindano ya magari ya kupanda kilima, wa kwanza kushika usukani ni wewe."

"Nipe mkono," Wilf akasema.

Akaunga majira yote ya baridi. Fremu ilikuwa ya mabomba membamba ya chuma, kila moja likimsaidia mwenzake. Juu yake bati la alumini, na injini ya gari dogo la kawaida. Hata mkono wa breki aliutoboa matundu kupunguza uzito. Mimi jirani yake nilipompelekea chai, Wilf aliinyanyua fremu nzima peke yake nione, huku akicheka. Nafasi ya kiti aliipima kwa makalio yake mwenyewe.

Siku ilipofika alivaa glavu mpya. Akaingiza miguu, akajishusha, akakwama kwenye nyonga.

"Mleteeni siagi," mtu akasema, watu wakaangua kicheko.

Wilf hakucheka. Alikuwa akitazama bomba la ubavuni, lililosogezwa ndani vidole vinne na kuchomelewa ovyo na mkono usio wake.

"Umelisogeza lini, Des?"

"Wiki iliyopita. Nataka kiti kinibane kwenye kona. Na tuambizane ukweli, shemeji: tumetoboa mpaka mkono wa breki, halafu tukupakie wewe?"

Nilitamani kumzaba kofi. Angemnyima mapema, Wilf angenuna akapoa. Huyu alimtumikisha mpaka skrubu ya mwisho, kisha akamtoa kama mzigo.

Tukamvuta Wilf nje. Desmond akateleza kitini, akabonyeza swichi, injini ikagoma.

"Tusukume kidogo basi, shemeji."

Wilf alivua glavu, akaweka viganja juu ya bati alilolikunja mwenyewe, akasukuma.