Mpira wa Kurudisha

Hadi leo nikisikia harufu ya petroli juani, hasira zinanipanda. Sizifichi. Baba yangu alininyima neno moja, na siku aliponipa nilitamani angebaki nalo.

Alikuwa dereva wa lori katika shirika la umma. Shirika likabinafsishwa, wamiliki wapya wakamwambia aende nyumbani. Kwa kiinua mgongo chake akanunua pikapu ya Kijapani iliyokwisha tumika, akawa anabeba mpunga kutoka Bahi kuleta Dodoma mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, msichana peke yangu katika darasa la umakanika, na gari lile nililitengeneza mimi. Lakini wateja wakiuliza, baba aliwajibu, "Lina fundi wake, yuko Majengo." Nimelala chini ya gari, miguu yangu inaonekana, na bado fundi yuko Majengo! Sikutaka shukrani wala zawadi. Nilitaka aseme mbele za watu kwamba fundi ni mimi.

Mwaka ule paipu ya mafuta ililiwa na kutu mahali ilipopita karibu na ekzosi. Nikatoa waya wa betri, nikalegeza klipu, nikakinga petroli iliyobaki kwenye sufuria kuukuu. Paipu mpya nikaipitisha upande wa pili wa injini, mbali na joto. Kwenye pampu nikafunga mipira yake: mmoja unapeleka mafuta kwenye kabureta, mwingine unarudisha tangini yale yaliyozidi. Nikawasha, nikapitisha kidole kwenye kila kiungo. Pakavu kabisa.

Baba akainama kutazama.

"Huu wa pili wa nini?"

"Unarudisha mafuta, baba."

"Yarudi kufanya nini? Lori langu lilikuwa na mmoja."

Akauchomoa injini ikiwa inanguruma. Petroli ikamrukia kifuani.

"Umeona? Linamwaga! Ndiyo maana halishibi."

Nilimweleza. Nikachukua bisibisi nikamchorea mavumbini, tangi hapa, pampu hapa. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesimulia ndoto, kisha akasema, "Mimi nimeendesha magari kabla mama yako hajakuzaa." Nikaurudishia mpira mahali pake, nikakaza klipu, nikaenda kunawa nikidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Asubuhi, kabla sijaamka, aliuchomoa tena. Pale kwenye pampu akavisha kipande kifupi cha mpira, akakiziba kwa bolti ya baiskeli na kukikaza kwa utepe wa tyubu. Mjapani wa watu aliweka njia ya kurudi, yeye akaiona wizi. Akaondoka zake kwenda Bahi.

Mchana alirudi na magunia, akasimama kwenye mashine ya kukoboa nyuma ya nyumba yetu. Injini hakuizima. Mafuta yaliyokosa pa kurudi yakafurika kwenye kabureta, yakadondokea ekzosi ya moto. Nilisikia kelele nikakimbia. Nilipofika wanaume walikuwa wakitupia mchanga, magunia yamekwisha shushwa, boneti imekuwa nyeusi. Baba alisimama kando mzima, ila nyusi zimeungua.

Mwenye mashine aliuliza kwa ukali, "Nani alishika mafuta ya gari hili?"

Baba akaninyooshea kidole.

"Huyu binti yangu. Fundi wake ni huyu. Jana tu amefunga mipira."

Watu wote wakanigeukia. Bolti niliiona, ipo palepale kwenye pampu, imekaa kwenye masalio ya mpira, na baba alijua kwamba nimeiona. Ningeweza kuichomoa na kuiinua juu kila mtu aitazame. Lakini kwetu binti hamwiti baba yake mwongo mbele za watu, hata moshi ukiwa bado unatoka, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua injini. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa kuliko gari lenyewe. Hakuteleza ulimi. Alijua nitanyamaza.

Mama mmoja mwenye magunia akasema kwa upole, "Pole, fundi. Siku nyingine uwe mwangalifu."

Nikamwitikia, "Nisamehe, mama."