Picha Niliyoifunga Lubugo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwanza kwa harufu yake. Nta ya sakafu, udi uliokwisha kuungua zamani lakini bado umo ndani ya mbao, na majani mabichi yaliyokatwa asubuhi bustanini. Ilikuwa Ijumaa, Kampala, katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi, na mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa aliyejiona mwerevu kuliko watu wote wa mtaa wetu wa Kisugu. Usinicheke. Umri huo hata wewe umo ndani yake sasa hivi.

Kazi yangu ilikuwa kuwatembeza wageni katika nyumba ya picha juu ya kilima cha Kololo. Nyumba hiyo ilikuwa ya familia moja ya Kihindi, watu wa viwanda vya pamba. Babu yao alianza kununua picha za kuchora, mwanawe akaongeza, na mmoja wa wajukuu akawa mchoraji mwenyewe, hata kuta zikajaa toka chini mpaka darini. Kisha ikatoka amri kwamba Wahindi waondoke nchini. Wakaondoka na masanduku yao, picha zikabaki zinaning'inia. Serikali ikapigilia kibao getini kusema kwamba sasa hayo ni makumbusho ya wananchi wote. Baba yangu, Mnubi aliyekuwa sajenti wa polisi, aliposikia wanatafuta msichana anayejua Kiswahili kizuri cha kuzungumza na wageni, alinipeleka mimi siku hiyohiyo.

Sijui nikuelezeje jinsi ilivyokuwa mle ndani. Ukishavua viatu mlangoni, kelele za mji zilibaki nje pamoja navyo. Mapazia yalikuwa marefu, ya rangi ya asali, na jua likipita ndani yake chumba kizima kiligeuka manjano, nasi tukawa tunatembea humo polepole kama watu walio chini ya maji. Wageni wa Jumapili, hata waliokuja na watoto watukutu, walianza kunong'ona bila kuambiwa. Mara nyingi niliingia chumba fulani nikasahau nilichofuata. Nilikaa tu nikitazama nyuso za watu nisiowajua, nao wananitazama, na saa nzima ikapita. Huko nje watu walikuwa wanatiwa ndani ya buti za magari na hawaonekani tena. Sote tulijua, na sote tulinyamaza. Mle ndani nilipata kusahau, na naona haya kulisema, lakini nilikuwa na furaha.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa katika chumba cha mwisho. Msichana wa miaka sita hivi, jina lake Hansa, amekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ile na gauni la buluu, anakula fenesi, na utomvu umemganda kidevuni. Mchoraji alikuwa baba yake mdogo. Mtoto anacheka na mtu ambaye hayumo pichani. Pembeni kabisa kuna mkono mmoja tu, mweusi, umeshika kisu na kipande kingine cha fenesi.

Kila Ijumaa alikuja mama mmoja mzee kutoka Bwaise, kwa miguu. Nilimwita Jjaja, kama Waganda wanavyowaita bibi zao. Bwaise mvua ikinyesha ni maji matupu, kwa hiyo alifika na matope mpaka magotini. Alikwenda kwenye bomba la bustanini, akanawa miguu taratibu, akaingia, akapita picha zote bila kuzitupia jicho, akaenda kusimama mbele ya Hansa. Akitosheka, anaondoka.

Siku moja nilimuuliza anakuja kuangalia nini.

"Mimi nakuja kuona mutoto," akasema. Kisha akagusa hewa karibu na ule mkono wa pembeni. "Hii mukono iko yangu. Mimi nililea huyu tangu anazaliwa. Sasa barua hapana, habari hapana. Nakuja, naona anacheka, narudi nyumbani nalala."

Nilimwonea huruma, basi. Huruma ya kijana, inayopita. Sikujua kwamba wiki yake nzima ilikuwa imeshikiliwa na ile picha.

Sasa sikia nilivyoharibu.

Alhamisi moja alikuja ofisa wa jeshi, meja, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Hakuvua viatu, na mimi sikuthubutu kumwambia. Alizunguka nyumba nzima mikono nyuma, hadi chumba cha mwisho, akasimama mbele ya Hansa, akapapasa fremu.

"Binti, hii dahabu iko ya kweli?"

"Imepakwa tu, afande."

"Picha iko ya nani?"

"Iko ya serikali, afande."

Akanigeukia akitabasamu. "Na mimi iko nani?"

Hakungoja jibu. Akasema Jumatatu atarudi na gari, akaenda zake, buti zake zikiacha alama kwenye nta.

Nikajikaza. Nilijiambia, mimi si mtoto wa sajenti bure. Katika stoo ya nyumba kulikuwa na lubugo, ile nguo ya kahawia nyekundu ambayo Waganda huitengeneza kwa kuponda gome la mti mpaka lilainike. Sisi Wanubi tuliijua kwa macho tu. Niliwahi kuona wageni wa kutoka nje wakiinunua wakatandike mezani. Asubuhi ya Ijumaa nikaishusha picha ukutani, nikaizungushia lubugo mara mbili, nikachana ukanda wa nguo hiyohiyo, nikaifunga juu, katikati na chini. Nikailaza kwenye benchi refu la katikati ya chumba. Nilipanga kumwambia meja kwamba mchwa wameingia ndani ya fremu, na picha inangoja fundi. Kichwa kilinivimba kwa werevu wangu. Sikumuuliza mtu yeyote, kwa sababu niliona hakuna cha kuuliza.

Jjaja akaja saa yake. Nilisikia maji ya bomba, halafu nyayo zake zilizolowa kwenye sakafu. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimejiandaa kumsimulia hila yangu na kusifiwa.

Alifika mlangoni akaona ukuta mtupu. Kisha akaona kile kilicholazwa kwenye benchi, urefu wa mtoto, kimefungwa sehemu tatu.

Mwanangu, sijawahi kusikia sauti kama ile tena. "Woowe! Mwana wange! Hansa wange!" Akaanguka pale pale, akawa anajiburuta kwa magoti kuelekea benchi huku amejishika kichwa kwa mikono miwili. Wageni wawili waliokuwa chumba cha pili walikuja mbio, Waganda wote, mume na mke. Walipoona benchi, mume akavua kofia. Mke akaanza kulia naye, bila kujua anamlilia nani.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sielewi. Nilipiga magoti nikawa namshika mabega, "Jjaja, ni picha! Jjaja, ni picha tu!" Ilichukua muda mrefu mpaka neno limwingie. Wale wageni walielewa kabla yake, wakaondoka kimya kimya, na yule mke alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nainamisha kichwa.

Jjaja alikaa sakafuni, amechoka, kanga imemvuka begani.

"Kwenu mutu akikufa munamufunga na nini?"

"Sanda, Jjaja. Nyeupe."

"Nyeupe." Akaishika ile nguo ya gome kwa vidole viwili. "Sisi iko hii. Mimi nilifunga mama yangu na hii. Nilifunga bwana yangu. Jirani yangu, kijana yake walimuchukua barabarani, mwili hakuna, akafunga mugomba, akazika mugomba. Leo nakuja hapa, naona umefunga mutoto yangu. Nikasema, basi. Habari imefika. Amekufa huko kwa watu, na hawa wanamuzika hapa bila kuniita."

Nililia, mwanangu. Nilimweleza habari za meja, za Jumatatu, za gari, za mchwa niliowatunga. Nilitaka anielewe kwamba nilifanya kwa wema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Jjaja."

"Uliuliza nani?"

"Hakuna."

"Ee. Fungua."

"Jjaja, nikifungua, Jumatatu ataichukua."

"Achukue. Bora aende muzima kuliko abaki hapa maiti. Fungua na mukono yako mwenyewe, halafu umwambie mutoto."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie yeye hakufa."

Nikafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mapazia, chumba kimejaa ile manjano yake, na uso wa mtoto ukatokea ndani ya mwanga huo kidogo kidogo, paji la uso, macho, kicheko, utomvu wa fenesi. Nikasema, "Hansa, hukufa." Mara ya kwanza nilijiona mpumbavu. Jjaja akasema, "Tena." Niliposema mara ya pili niliamini, na nilihisi kama mtoto amenisikia. Tukaitundika mahali pake sisi wawili. Akaitazama sana siku ile kabla ya kwenda.

Jumatatu meja alikuja kama alivyosema. Hakuna aliyemzuia, wala mkuu wetu hakutoka ofisini kwake. Niliona haya na hasira, lakini sikuweza kufanya chochote. Dereva aliibeba picha akaiegemeza kwenye kiti cha nyuma, nami nikasimama kwenye ngazi nikaliangalia lile gari mpaka lilipokata kona.

Nilingoja Ijumaa kwa hofu zaidi kuliko nilivyomngoja meja. Nilitamani mvua inyeshe, Bwaise ifurike, asije. Alikuja. Akanawa miguu, akapita picha zote, akasimama mbele ya ukuta. Pale palipokuwa na picha rangi ilikuwa mpya, pameachwa mraba mweupe.

"Amechukuliwa, Jjaja," nikasema.

Akausogelea ukuta. Kisha akauliza, "Alimufunika?"

"Hapana. Walimweka kiti cha nyuma, uso kwenye dirisha. Alikuwa anaangalia nje."

"Anaangalia nje?"

"Ndiyo, Jjaja. Mpaka gari likakata kona."

Akavuta pumzi, na uso wake, wallahi, ukalegea. "Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda. "Basi amesafiri tu." Akakaa kwenye benchi, akakunja mikono mapajani, akautazama ule mraba mweupe kama alivyokuwa akiitazama picha. Aliendelea kuja kila Ijumaa kwa muda wote niliofanya kazi pale. Wageni walidhani amerukwa na akili. Mimi nilimletea chai nikakaa naye, na kuna siku jua likipita kwenye mapazia nilidhani namwona mtoto pale pale ukutani, anacheka.

Hansa sijui aliishia wapi. Huenda ni bibi kama mimi sasa, katika nchi ya baridi, hana habari kwamba kuna mtu alimlilia siku moja na kumngojea zilizobaki zote.

Kwa hiyo nakuambia hivi, mwanangu. Kabla hujakigusa kitu chenye moyo wa mtu ndani yake, hata kama unakigusa ili kukiokoa, mtafute mwenye moyo huo umuulize. Usijiambie kwamba nia yako ni njema na hiyo inatosha. Mimi nilikuwa na nia njema, na nilimzika mtoto wa mtu mbele ya macho ya mama aliyemlea. Nguo ambayo kwenu ni ya kutandika mezani, kwa jirani ni ya kaburini, na huwezi kulijua hilo kwa kuwa mwerevu, utalijua kwa kuuliza tu. Jambo jingine: ukikuta mtu anamngoja mwenzake, hata miaka imepita, hata wewe unaona hakuna wa kurudi, usimwambie safari imekwisha. Kaa naye. Mpe chai.

Nami nakuombea. Mungu aibariki miguu yako huko uendako. Akurudishe salama kwa unaowapenda, na pale utakapochelewa, asikukoseshe mtu mmoja wa kuketi mbele ya nafasi yako tupu na kusema, amesafiri tu.