Maji Yaliyolala

Tangu kiharusi kimpige mume wangu, mvuvi aliyezeekea ziwani, pale Mwigobero, macho yake yanashinda kwenye tanki la kioo alilotuletea binti yetu. Visamaki vya rangi ya machungwa, hata supu havifai. Wavuvi wenzake wakija kumwona wanachekaga: "Mwenzetu, umeacha sangara, sasa unafuga maua?" Kiharusi kilimfunga ulimi. Lakini samaki wakicheza, anakula uji. Wakijificha, anafunga mdomo, nami nabembeleza na kijiko mpaka mkono unakufa ganzi.

Basi tanki lile nalisafisha kama ninavyomwogesha mzee mwenyewe, bila pupa. Simwagi maji yote, napunguza tu. Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo usiku kucha, ile dawa wanayotia ya kuua vijidudu iishe ukali. Kioo nakifunika kanga upande mmoja samaki wasishtuke. Nimechoka, jamani, nimechoka mpaka kwenye mifupa, ila hilo sijawahi kulifanya hovyo.

Wifi yangu akaja kutoka Kiabakari kunisaidia. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Asubuhi moja nikashuka sokoni kununua dagaa. Narudi, tanki linang'aa mpaka unajiona, naye kasimama pembeni, kajaa tabasamu.

"Wifi, mlikuwa mmeacha utelezi humu! Nimemwaga yote, nimesugua na sabuni ya unga, nikajaza maji masafi ya bomba."

Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanatafuta hewa. Mmoja kalala ubavu. Mzee anapiga kiti kwa ule mkono wake mzima, machozi yanamtoka. Nilitamani kupiga kelele, lakini hata nguvu ya kugomba sikuwa nayo.

"Leta ndoo iliyo nyuma ya mlango," nikasema. "Ile ya maji ya jana."

Tukawahamisha kwa bakuli, taratibu, nikafunika ndoo na kanga, nikashusha pazia. Wifi akaanza kulia.

"Nilitaka upumzike, wifi yangu."

"Najua," nikamwambia. Nilijua kweli, na bado nilikuwa na hasira.

Sikuweza kutulia. Nafunua kanga, nachungulia, nafunika. Nafunua tena. Ndipo mzee akasema, ulimi mzito, neno la kwanza kueleweka kwa muda mrefu.

"Waache."

Nikaacha.

"Na wewe."

Nikadhani anataka uji. Akapiga tena kiti, akanitazama mimi, siyo ndoo.

"Kaa."

Nikakaa kwenye kiti kando yake, mfuko wa dagaa bado umening'inia kiwikoni, nikalia mbele yao wote wawili bila aibu.

Yule wa ubavu alikufa, tukamfukia kwenye mchicha. Wenzake walipona. Uji wa mchana ule wifi ndiye aliyemlisha kaka yake, naye akaumaliza wote. Mimi sikuona. Nilikuwa nimelala palepale kwenye kiti, na mtu alikuwa amenifunika kanga.