Sauti Zetu Zinafanana

Mimi ni mtu wa kiherehere, na nilionywa mapema. Mama mwenye chanja za kuanikia dagaa, pale ufukweni chini ya kwetu Pasiansi, aliniambia siku ya kwanza: "Mdogo wako nitamjaribu wiki moja. Ila wewe ukiingilia kazi yake, nawarudisha wote wawili nyumbani. Mwisho wako ni ule mtumbwi uliopinduliwa."

Mdogo wangu ana miaka thelathini na moja. Ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, na maneno humtoka moja moja. Shule zilimkataa, kwa hiyo tulimweka barazani, akawa anaangalia ziwa miaka yote hiyo huku sisi tukienda kazini. Mgeni akimuuliza jambo, tulijibu sisi. Hata akisalimiwa nilimwitikia mimi. Niliona ndiyo upendo.

Kazi yake ilikuwa kugeuza dagaa kwenye chanja, kufukuza kunguru na kuangalia mvua. Mvua ikija, apige kelele wenzake waje kufunika. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, maana dagaa wakilowa wanaishia kuwa chakula cha kuku. Nikaomba likizo ofisini Nyamagana, nikawa nashinda nimekaa juu ya ule mtumbwi, roho juu.

Siku ya nne, saa saba mchana, wingu jeusi likatanda ziwani. Wanawake wengine walikuwa nyuma ya kibanda wanakula ugali. Mdogo wangu alikuwa peke yake kwenye chanja. Akaliangalia wingu, akageuza dagaa. Akaliangalia tena, akageuza dagaa. Hakuita.

Nilimlaani moyoni, Mungu anisamehe. Ita basi, we mtoto, ita! Nilishaiona kazi imepotea, naye karudi kwenye kiti chake cha barazani mpaka azeeke. Upepo ukavuma kutoka mgongoni kwangu, kanga ikanifunika uso, nikashindwa kujizuia.

"Mvua! Mvua jamani!"

Wanawake wakatoka mbio, mikono ina ugali. Wakakumba dagaa wakiwa nusu wabichi, wakawalundika na kuwafunika turubai. Mdogo wangu alikuwa anasema kitu huku analivuta lile turubai. Hakuna aliyemsikiliza.

Mvua haikuja. Wingu lilikwenda zake visiwani, jua likawaka kuliko asubuhi. Mama aliporudi kutoka mwaloni, alikokwenda kupokea mzigo wa dagaa kutoka kwa wavuvi, akafunua turubai, na joto likampanda usoni pamoja na harufu. Dagaa wa chini walishachemka.

"Nani ameita mvua?"

Wote wakamnyooshea kidole mdogo wangu. Hawakusema uongo, walisema walichosikia. Sauti zetu zinafanana. Hata marehemu mama yetu alikuwa akituchanganya tukimwita kutoka chumba kingine.

"Mimi nilisema," mmoja wao akadakia. "Kazi hii inataka akili, mama."

Mama alimgeukia mdogo wangu. "Binti, uliona nini ukaita?"

Hapa ndipo penye aibu yangu. Mimi niliyemjibia mwenzangu miaka yote, siku ile nilikaa kimya. Nikikiri, nimevunja onyo, anafukuzwa. Nisipokiri, anafukuzwa vilevile. Nilitamani ziwa linimeze.

"Sikuita," mdogo wangu alisema taratibu. "Upepo... unatoka nchi kavu. Unasukuma." Akanyoosha mkono kuelekea visiwani. Kisha akaniangalia mimi, na hakunitaja.

Kunitaja kungekuwa nafuu. Nikashuka kwenye mtumbwi, nikavuka mpaka niliowekewa. "Ni mimi, mama. Nisamehe. Yeye hana kosa."

Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikajua sasa tunafukuzwa. Lakini alimuuliza yeye: "Dada yako huyu, tumfanyeje?"

Maneno yalinijaa mdomoni, ya kumwombea na ya kumjibia, nikayameza yote kwa shida.

"Dada aende kazini kwake," alisema mdogo wangu. "Mimi niko kazini."

Mama akacheka kidogo, halafu akamwambia awaite wenzake waanike upya dagaa waliosalimika. Nilikuwa nimeshapanda njia ya nyumbani nilipomsikia mdogo wangu akiita kwa nguvu. Ilikuwa sauti yangu kabisa. Nikageuka. Wanawake wote walikuwa wanamfuata.