Mionzi Nusu ya Mofazzal

"Nileteeni kifua chochote. Nitakipiga picha kwa nusu ya mionzi, na hakuna daktari Rajshahi nzima atakayejua."

Mofazzal Sarkar aliyasema hayo kwenye kibanda cha chai, mbele ya watu kumi na mmoja na mbuzi. Asiyecheka alikuwa mbuzi.

Kwa miaka kumi na minne amekuwa fundi wa mashine ya CT kwenye kituo cha vipimo cha Haji Motaleb. Mashine ilikuja imepangiwa mwanamume wa kilo tisini, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Hivyo Shiuli, mwanafunzi wa kilo thelathini na nane ambaye mapafu yake hupigwa kila baada ya miezi minne, akawa anapewa mionzi ya pande la mtu. Hilo ndilo lililomkera Mofazzal. Akapunguza nguvu ya mashine kimyakimya, kazi ya kusafisha chenga zinazotokea pichani akaiachia kompyuta.

Miezi mitano Daktari Quddus, msomaji wa picha, aliandika "picha safi" bila kuuliza kitu. Kisha maneno ya kibandani yakamfikia Haji, naye akanusa biashara. Akachonga mhuri wa kijani, akaugonga kwenye bahasha za picha: MIONZI NUSU.

Siku hiyohiyo macho ya daktari yakafunguka. Akaona chenga hadi kwenye mifupa. Wagonjwa nao wakaja juu. Mzee mmoja alimwambia Mofazzal, "Mwanangu, nimelipa kamili, nipige kamili. Unanibania kwani mionzi ni ya baba yako?"

Haji akaamuru mashine irudishwe ilivyokuwa. Zamu ya Shiuli ilikuwa Alhamisi.

Mofazzal akaomba nafasi moja tu. Alichukua picha mbili za Shiuli, ya mwaka jana ya nguvu kamili na ya mara ya mwisho ya nusu, akazibadilisha bahasha, akampelekea daktari mbele ya Haji.

Daktari aliinua ile ya bahasha yenye mhuri. "Huu ni uji, Mofazzal." Akainua ya pili, akaisogeza dirishani. "Hii sasa ndiyo picha. Kumbe ukitaka kazi unaiweza."

"Hiyo ndiyo nusu, daktari."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu wake, akasema karatasi za siku hizi hazina ubora. Haji alicheka mpaka akashika meza. Nusu ikarudi, na Mofazzal akawanunulia chai wote kumi na mmoja.

Ila Haji alikuwa ameelewa somo lake mwenyewe: watu husoma bahasha. Akaifunga mashine kwa neno la siri, akampa karani wa malipo. Fundi hapunguzi kitu mpaka risiti ya nusu ionekane.

Alhamisi Shiuli alikuja na baba yake. Baba akausoma ubao mpya wa bei mara mbili, akakohoa, akahesabu noti zake za taka, akalipia kipimo cha kawaida. Mofazzal akampiga binti kwa nguvu ya kilo tisini.

Kifua, kawaida: taka elfu tano. Kifua, mionzi nusu: taka elfu nane.