Nilivyompigia Makofi Mzee wa Ndama

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Nilikuwa nafundisha wauzaji wapya wa duka la dawa za mifugo hapa Garsen, humo humo dukani, watu wazima ambao sura zao sikuwa nimezizoea, nao wakaanza kusinzia. Nikasema tuigize: mmoja wao atoke nje, arudi kama mteja mwenye shida. Mmoja akatoka.

Akaingia mzee wa Kiorma, sauti ikimtetemeka. "Ndama yangu haisimami tangu jana. Mama yake ilikufa, imebaki hiyo tu."

Machozi yakanitoka. "Huyo ndiye mwigizaji! Mpigieni makofi!"

Nilipiga peke yangu.

Hadija wa mstari wa mbele akaninong'oneza, "Mwalimu, huyo si mwenzetu. Ni mteja kweli."

Mikono ikaniganda hewani. Mzee akaishika. "Usione haya, mwanangu. Umelia na mimi. Sasa, nani hapa anauza dawa?"