Bega la Mwaitu

Baba alijifunza kuendesha baiskeli ya gurudumu moja akiwa na miaka hamsini na sita, na kitu alichoshikilia wakati wa kujifunza kilikuwa bega langu la kushoto.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuendelea. Nilikaa nyumbani nikimsaidia mama na mbuzi. Mgeni akiingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitokea wa nyuma. Baba alikuwa fundi wa baiskeli na mikokoteni ya punda pale sokoni Mwala. Bodaboda zilikuwa zimemaliza baiskeli, hivyo siku nyingi alikaa akipangusa spana ambazo hazikuwa na kazi. Alituambia kwamba alipokuwa mdogo aliona mtu kwenye maonyesho ya kilimo mjini Machakos akizunguka uwanja juu ya gurudumu moja, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa ametengeneza magurudumu ya kila aina, akasema, na lile pekee ndilo lililobaki.

Akaikata baiskeli yake mwenyewe. Fundi wa kuchomelea alimwekea kiti juu ya gurudumu na kuzifunga pedeli kwenye ekseli yenyewe. Haikuwa na cheni wala breki. Miguu ikisimama, gurudumu nalo linasimama.

Kwanza alijifunza kuanguka. Kwa wiki nzima alipanda na kuruka mbele tu, atue kwa miguu, kwa sababu nyonga ya mtu wa umri wake ikivunjika haiungi upesi. Kisha akaniita. Tulikwenda asubuhi kwenye ardhi ngumu karibu na kanisa, maana njia ya mtoni ni mchanga mtupu. Alisimama kushoto kwangu akaweka mkono wa kulia begani mwangu, vidole nyuma, kidole gumba mbele, kama anayeshika ukingo wa meza.

"Mwaitu, simama imara," alisema. "Mtoto wako anataka kupanda."

Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni "mama yangu". Mimi nilipewa jina la mama yake baba, kwa hiyo baba hakuwahi kuniita kitu kingine. Kwetu ni kawaida. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba aliyeolewa upande wa Konza, naye huniita hivyo hivyo akinituma chumvi.

Nilikuwa nikiangalia chini kwa aibu. Baba akaniambia niangalie mbali, kwenye ule mti wa mwisho, kwa sababu nikiinama bega linateremka na tutaanguka wote. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kupita sokoni nikiwa nimeinua kichwa. Sikupenda. Watu walitoka madukani kutuangalia. Mwuza nyama mmoja alimuuliza kila siku, "Mzee, umeibiwa nusu?"

"Ng'ombe za mahari hazikutosha," baba alimjibu. "Nikaongeza gurudumu."

Mwaka ulipoisha aliweza kwenda peke yake mpaka kwenye ukuta wa bwawa na kurudi, mgongo umenyooka, mikono ikipepea kidogo pembeni. Lakini kupanda bila kushika kitu hakuweza kamwe. Alipofika miaka sitini magoti yalianza kumsumbua, akawa anapumzika kwanza na kunywa maji, halafu ananiita tena. Siku moja mama alimuuliza kwa nini asishike ukuta, aniache nimalize kazi.

"Ukuta hauongei," baba alisema.

Mama akanigeukia. "Na huyu anaongea?"

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka nilicheka mpaka nikaweka ndoo chini.

Aliugua akiwa na miaka sitini na mitatu. Watu wengi bado wanasema gurudumu ndilo lililomwangusha, nami siwasahihishi. Siku hiyo lilikuwa limeegemea ghala. Baba alikuwa ameketi akipaka mafuta pedeli, akasema kichwa kinamuuma, na kabla mama hajatoka jikoni alikuwa amelala upande. Tulimpeleka hospitali mjini. Tulimpeleka hospitali mjini.

Siku ya tatu tulifika saa ya kuwaona wagonjwa. Waliruhusiwa wawili wawili, kwa hiyo mama na shangazi waliingia, mimi nikabaki kwenye benchi karibu na mlango. Wakatoka. Nilikuwa nimeinuka niingie muuguzi alipowafuata. Hakuwa Mkamba.

"Anaita mwaitu," aliwaambia. "Mwaitu ni nani?"

"Ni mama yetu," shangazi alisema. "Alishatangulia."

Kila mtu anajua maana yake mgonjwa akianza kumwita mama yake aliyekufa. Mama akajifunika uso kwa leso. Shangazi akaanza kuomba palepale, kwa sauti, na wale wengine waliokuwa wakingoja wakainamisha vichwa pamoja naye.

Nami nikainamisha changu. Kwa muda nilidhani kweli anamwita nyanya. Halafu nikasema, "Labda ni mimi," lakini nilisema kwa sauti yangu ya siku zote, na maombi yalikuwa yanaendelea. Yalipoisha, saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imeisha pia. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kumvuta muuguzi mkono. Nilifuata wenzangu mpaka nje.

Asubuhi tulipigiwa simu. Tulipokwenda kuchukua vitu vyake, yule muuguzi alituambia kwamba hakuteseka, ila mkono wa kulia haukutulia. Alikuwa akiunyoosha pembeni kila mara na kuuacha hapo. Akatuonyesha: vidole nyuma, kidole gumba mbele.

"Mama alikuwa amemfikia," shangazi alisema. "Alikuwa anamshika mkono."

Mkono wa mtu haushikwi hivyo.

Kwenye mazishi shangazi aliwaeleza waombolezaji jinsi nyanya alivyokuja kumchukua mwanawe. Watu walifarijika, na mama alifarijika kuliko wote. Hata leo akishindwa kulala hulisema hilo, kisha hulala. Sijui ningemwambia nini badala yake.

Gurudumu bado limeegemea ghala. Tairi limeisha upepo.

Mwezi uliopita shangazi alikuja kututembelea. Alikuwa amechoka na safari, akaketi kibarazani na kuvua viatu.

"Mwaitu," aliita, "niletee maji."

Nilimletea. Alikuwa ameshika kikombe tayari kunywa, akasita. Aliniangalia, akaangalia gurudumu kule ghalani, kisha akaniangalia tena, kwa muda mrefu.

"Siku ile hospitalini," alisema polepole, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye benchi, shangazi. Karibu na mlango."

Aligeuka akatazama mlangoni. Ndani, mama alikuwa akichambua maharagwe, tulimsikia. Shangazi alikiweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akanivuta mkono niketi karibu naye.